Mwenda wa Bayeke: tusisikilize Masanga peke yake

Hapa Likasi, ukitaja Jean Bosco Mwenda, wazee banajibu: Masanga. Ni haki, Hugh Tracey aliirekodi hapa hapa mu 1952, mji ungali Jadotville. Lakini tunaomba masikio yenu kwa albamu ile alirekodi Cape Town mu 1988, miaka miwili mbele ya kufa kwake. Sauti si ya kijana tena. Kidole gumba kinatembeza besi, cha shahada kinajibu, sawa watu wawili wanaozungumza. Wengine banasema mzee alichoka. Sisi tunasikia mtu mwenye hatafuti tena kushangaza watu. Vijana wetu wakijifunza Masanga tu, watapata ufundi wa vidole. Subira ya mzee itawapita.