Heko kwa Wenye Kuuliza Maswali

Ukishuka basi Benaco, Ngara, karibu na mpaka wa Rwanda, leo utakuta malori yanayoelekea Rusumo na mama lishe wakigombea wateja. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 waliokimbia vita na mauaji kwao walivuka daraja la Rusumo kwa takriban saa 24, na hapa pakageuka mji wa maturubai. Kuhara damu kulipozuka, madaktari walikuja. Watafiti nao walikuja: mwaka huohuo kambini yalichunguzwa magonjwa ya zinaa.

Utafiti ulihitajika, sibishi. Ila mtu anayepimiwa maji kwa ndoo atamwambiaje hapana mwenye dawa?

Kwa swali hilo naivulia kofia kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa iliyoundwa kwa sheria ya 1979. Fedha nyingi za tafiti hutoka ng'ambo, na mwenye fedha ana haraka. Kamati haina. Mgonjwa akijitoa, atatibiwa vilevile? Damu ikisafirishwa nje, kwa mkataba gani? Fomu ya ridhaa ni ya Kiswahili cha watu au cha kamusi? Watafiti hunung'unika, wacha wanung'unike.

Heko pia kwa msoma fomu kijijini. Anasoma polepole, shahidi pembeni, kidau cha wino mezani kwa asiyejua kuandika. Bibi ananyoosha kidole gumba, kisha anakirudisha ndani ya kanga.

“Ngoja kwanza nikamwulize mwanangu.”

“Haya, bibi. Hakuna neno.”

Na kidau kinafunikwa.