Fundi wa Kupanga Magemu

Tangu Desemba 2018 duka la Epic Games limekuwa likigawa magemu ya kompyuta bure. Mei 2020 liligawa hata Grand Theft Auto V. Ongeza punguzo la Steam la katikati ya mwaka, ongeza ya zamani yaliyonunuliwa GOG, na mtu anajikuta na magemu mia kadhaa yaliyotawanyika maduka matatu. Kuyarundika hakutaki ujuzi. Kuyapanga kunataka, na fundi wa kuyapanga naweza kumtazama akifanya kazi jioni nzima.

Chukua mfululizo wa magemu ya Final Fantasy. Ukiiachia kompyuta ipange kwa alfabeti, la tisa, IX, litakaa kabla ya la tano, V, maana herufi I hutangulia V na namba za Kirumi kwake ni herufi tu. Fundi hakubali. Anafungua Playnite, programu ya bure inayokusanya maduka yote mahali pamoja, na kwenye nafasi ya jina la kupangia anaandika "Final Fantasy 09". Jina linaloonekana kwenye skrini halibadiliki hata nukta. Yaliyotangulia yakishapewa namba vivyo hivyo, gemu limehamia tu panapostahili. Kisha la kumi, kisha The Witcher 3 iliyojibanza kwenye T na kila jina lenye "The". Kazi yenyewe ikiisha, hakuna atakayejua kwamba ilifanyika.

Lipo na suala la Final Fantasy VI, lililouzwa Marekani mwaka 1994 kama la III kwa kuwa matatu kati ya yaliyotangulia hayakuwa yametolewa huko. Ufuate jalada au ufuate mpangilio wa Japani? Mimi nafuata wa Japani, na wanaobisha hawajanishawishi.

Mwanafunzi hupanga kwa aina: mapigano, mafumbo, mbio za magari. Steam ina lebo hizo tayari, na tangu 2019 ina makusanyo yanayojijaza yenyewe kwa masharti unayoyaweka. Ila hakuna sharti la mtu aliyetoka kazini amechoka. Fundi ana kusanyo analolijaza kwa mkono, "Nusu saa kabla ya kulala", na jingine, "Mdogo wangu akija". Anayeyajaza sharti awe ameyacheza magemu yake, na awe anaijua nyumba yake.

Kwetu tunaonunua bando, anaongeza kusanyo la magemu yaliyohifadhiwa kwenye diski ya nje. Red Dead Redemption 2 pekee inazidi GB 100. Hakuna anayetaka kuipakua mara mbili.

Ukitaka kuanza, anza kwa kuficha. Gemu ulilonalo maduka mawili, acha nakala moja ionekane. Majaribio na vipande vya bure visivyochezeka, ficha vyote. Steam haifuti ulichokificha, na siku ukikihitaji utakikuta.