Krapf na Kivoi: Mhubiri, Mwenyeji na Lugha ya Waislamu katika Safari za Ukambani

Kitabu cha Johann Ludwig Krapf kuhusu safari na kazi zake za umisheni, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860, kimesomwa zaidi na wanajiografia na wanahistoria wa kanisa. Wa kwanza hutafuta humo siku ambayo Mlima Kenya ulionwa kutoka Kitui, yaani tarehe 3 Desemba 1849. Wa pili hutafuta chanzo cha ukristo katika nchi hiyo. Wahakiki wa fasihi wamekipita kama wapita njia. Jambo hilo linasikitisha, kwa sababu sehemu za kitabu zinazohusu Ukambani ni usimulizi wenye wahusika, mgogoro na anguko, na ni usimulizi unaomshinda msimulizi wake mwenyewe.

Krapf hakuanzia Ukambani. Alifika Mombasa mwaka 1844, mji wa Waislamu, akiwa na barua ya kumtambulisha kutoka kwa Sayyid Said, mtawala Mwislamu wa Zanzibar. Mkewe na mtoto wao mchanga walifariki na kuzikwa huko mwaka huohuo. Mwezi Juni mwaka huohuo alianza kuifasiri Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyeketi naye katika kazi hiyo alikuwa Kadhi wa Mombasa, Ali bin Muhyiddin. Sura za mwanzo za tafsiri hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Alipoanzisha kituo Rabai mwaka 1846 pamoja na Johannes Rebmann, alikuwa tayari ameamua kwamba matumaini ya Injili yapo bara, kwa watu wasio Waislamu. Ukambani, basi, ni nchi aliyoigeukia baada ya kuipa pwani mgongo.

Msomaji anayekisoma kitabu kwa makini atagundua hapa ufa kati ya hoja na kisa. Katika hoja, Mwislamu ni kizuizi: mfanyabiashara ya watumwa, mshindani wa imani, mtu ambaye moyo wake umefungwa. Katika kisa, Mwislamu ndiye anayefungua kila mlango. Kadhi anatoa maneno. Sultani anatoa barua. Bwana Kheri, Mswahili, ndiye aliyemwongoza Rebmann hadi akaiona Kilimanjaro mwaka 1848. Hata msamiati ambao mhubiri anauhitaji ili aseme habari zake, yaani dhambi, imani, nabii, sala, dini na Injili yenyewe, umetoka Kiarabuni na kulelewa misikitini na madrasani kwa karne nyingi kabla Mzungu hajautia kalamu. Krapf anayajua haya yote na kuyaandika, ila hayaruhusu yagusane.

Pale yanapokaribia kugusana ni katika suala la hati. Katika sarufi yake ya Kiswahili iliyochapishwa Tübingen mwaka 1850, Krapf anatetea herufi za Kirumi, na mojawapo ya sababu zake ni kwamba herufi za Kiarabu zingeufungulia Uislamu mlango wa kuingia bara. Haitoshi kuipita kauli hiyo kwa haraka. Kila makala ya Kiswahili inayochapwa leo katika herufi za Kirumi, pamoja na haya, ina mzizi mmoja katika hofu hiyo. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa itikadi kuingia katika umbo la herufi.

Ukambani, Krapf anakutana na Kivoi, na hapo ndipo kitabu kinapopata mhusika wake mkubwa. Kivoi ni mkuu wa misafara ya pembe za ndovu, amefika Mombasa, anajua thamani ya nguo na ya urafiki wa mgeni. Msimulizi angependa kumwona kama mlango wa Injili. Lakini kila Kivoi anapotokea, anatokea na shughuli zake: safari ya kuelekea Tana, biashara, heshima mbele ya watu wake. Ndiye aliyemweleza mgeni habari za mlima wenye kilele cheupe, ambao jina lake kwa matamshi ya huko lilikuja kuwa jina la nchi nzima. Wanajiografia wa London, hasa W. D. Cooley, walikataa kusadiki. Kivoi hakuhitaji kusadikiwa. Inawezekana kwamba machoni pa wenyeji Krapf, kwa nguo alizobeba na lugha aliyoisema, alifanana zaidi na Asomba, kama Wakamba wanavyowaita watu wa pwani, kuliko alivyodhani.

Safari ya pili, ya 1851, ilikusudiwa kuanzisha kituo Yatta. Agosti mwaka huo msafara ulishambuliwa karibu na Tana na Kivoi akauawa. Krapf alikimbia peke yake, na kwa kukosa chombo akateka maji ya mto katika mitutu ya bunduki yake, akaiziba kwa majani. Hakuna taswira nyingine katika kitabu yenye nguvu kama hiyo. Silaha ya Mzungu inageuka kibuyu, na mhubiri anakuwa mkimbizi anayetegemea giza. Msimulizi anaiandika kwa lugha ya Zaburi na shukrani. Tukio lenyewe halina dini, lina kiu.

Kisha inakuja sehemu ambayo wasomaji wengi huisoma vibaya. Krapf anaporudi kwa jamaa za Kivoi, wanamlaumu kwa kutokufa pamoja na mwenyeji wake, naye, akihofia kuuawa, anatoroka usiku. Kitabu kinalisimulia jambo hili kama ukatili wa washirikina. Hata hivyo swali la jamaa ni swali la maadili: mgeni aliyekula kwa mtu ana deni gani kwa mtu huyo siku ya hatari? Mhubiri aliyesafiri miezi ili aseme habari za mmoja aliyewafia wengine anaulizwa swali lilelile, kwa maneno ya Kikamba, naye hana jibu ila kukimbia. Krapf haoni kinaya hicho. Kimebaki ndani ya matini kwa sababu alikuwa mwandishi mwaminifu wa matukio kuliko alivyokuwa mfasiri wa maana yake.

Uhakiki unaofuata nyayo za Edward Said na V. Y. Mudimbe ungetosheka kusema kwamba hii ni matini ya kikoloni. Ni kweli, lakini ni ukweli mwepesi. Matini ya mshindi haimwonyeshi mshindi akinywa kutoka mtutu wa bunduki. Wamisheni waliofuata, wale wa Leipzig waliokaa Ikutha na wale wa African Inland Mission walioanzia Nzaui, Makueni, mwaka 1895, walikuja wakati dola ya Uingereza ilikuwa imeanza kusimama nyuma yao, na maandishi ya aina yao hayana tena haja ya kuona kiu kama hiyo.

Linalobaki kwa historia ya fasihi ya Kiswahili ni suala la Kadhi. Kamusi ya Krapf, iliyochapwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, humpa sifa ya mwanzilishi, na vitabu vya kiada vimeikariri. Ali bin Muhyiddin anatajwa, akitajwa, kama msaidizi. Mtu aliyeketi na mgeni wa dini nyingine akampimia maneno ya kueleza kuumbwa kwa mbingu na nchi, akijua fika kitabu hicho kilikusudiwa nini, alifanya tendo la fasihi ambalo bado halijapata mhakiki wake. Wala haijulikani kwamba alibatizwa.