Vya Lubaga Havikai Kabatini

Kuna babu mmoja ambaye sisi vijana tunaojifunza kuandika tumemchosha mno. Babu huyu anakaa kwenye kibanda chenye giza, macho mekundu, na kwenye kona ya kibanda kuna chungu kilichofunikwa kitambaa chekundu. Mjukuu anafika kutoka Dar es Salaam na jinzi yake. Babu anasema, "Usikifungue." Mjukuu anafungua. Anatoka nyoka, radi inapiga, mjukuu anapata kichaa, hadithi imekwisha. Ukimwuliza mwandishi chungu kile ni cha nani, kilifikaje pale na kwa nini ukoo mzima unakiheshimu, anakujibu kwa mkato: "Si ni mambo ya mila?"

Mimi nasema hapo ndipo tunapoharibu. Na kwa kuwa siku hizi babu huyu tumemhamishia Tukuyu, eti kwa sababu kule kuna ukungu, mvua na migomba, basi tuichukue Rungwe hiyo hiyo tuone kama chungu chetu kina mahali pa kukaa.

Tuanze na nyumba yenyewe. Mwaka 1879 Mskoti Joseph Thomson alipita nchi ya Wanyakyusa, na katika kitabu chake akazisifu mno nyumba za watu wale na usafi wa migomba yao. Lakini zilikuwa nyumba za mianzi na nyasi. Hazikujengwa ili zikae karne tatu. Tena kijana wa Kinyakyusa hakurithi chumba kwa baba yake. Akifika umri wa miaka kumi hivi, yeye na wenzake wa rika walitoka kwenye nyumba za wazazi wakajenga kijiji chao pembeni, na humo ndimo walimokuja kuoa na kuzeeka. Sasa niambie, katika kijiji cha namna hiyo, kabati la vitu vitakatifu vya ukoo utaliweka wapi?

Wapo watu duniani wenye nyumba kama hiyo. Kule Timor ya Mashariki kila ukoo una nyumba yake takatifu, inaitwa uma lulik, na ndani huhifadhiwa panga za mababu, sahani za dhahabu na shanga. Nyingi zilichomwa wakati wa utawala wa Indonesia, kuanzia 1975 hadi 1999, na baada ya hapo koo zikaanza kuzijenga upya. Huko mwandishi akiandika juu ya mlango uliofungwa na kitu kilichomo ndani, anaandika kweli. Sisi tukiubeba mlango ule tukaupachika Rungwe, tumechukua seti ya sinema ya watu.

Amana ya Rungwe ilikaa kwingine. Upande wa Selya kuna Lubaga, msitu wa tambiko, mahali pa Lwembe. Lwembe alikuwa jina la shujaa wa kale na pia la kila aliyemrithi, mtu ambaye mvua, chakula na uzazi wa nchi vilihesabiwa kuwa ndani ya mwili wake. Makuhani wa Kikinga walishuka milima ya Livingstone kuja kutambika hapo, na majembe ya chuma yalikuwa miongoni mwa vitu walivyoleta, maana Wakinga walikuwa wafua chuma. Lwembe hakuachwa afe kwa ugonjwa kama watu wengine. Alipozidiwa, makuhani walimziba pumzi, na kabla hajakata roho walimtoa nywele na kucha, wakazifukia kwenye tope, ili nguvu ya kuotesha ibaki nchini. Ndiyo maana cheo hicho watu hawakukigombea. Walikikimbia.

Hebu tulia hapo kidogo wewe mwandishi. Mirathi ni nywele na kucha, vitu vinavyoota, vinachukuliwa kwa mtu aliye hai na kufichwa topeni pasipoonekana. Halafu kuna kijana anayejua kwamba siku yoyote wazee wanaweza kumkamata wamtawaze. Hofu ya kijana huyo inatosha riwaya nzima, na haihitaji nyoka hata mmoja.

Au chukua ubusoka, sherehe ya kukabidhi nchi kwa kizazi kipya, ambayo ilifanyika mara moja kila baada ya miaka thelathini hivi. Wana wawili wakubwa wa malafyale walitolewa hadharani, nchi ikagawanywa, mioto ya zamani ikazimwa, na moto mpya ukapekechwa kwa vijiti. Chifu mzee hakutarajiwa kuishi sana baada ya hapo. Moto ule watu waliubeba majumbani mwao, wakapikia. Kumbe kitu kitakatifu kilikuwa jikoni kila siku, chini ya chungu cha ndizi, na mama aliyekoka moto alikuwa akikishika bila kutetemeka. Ni hadithi gani ya kwetu imeonyesha hilo?

Haya ninayoyasema yameandikwa. Monica Wilson na mumewe Godfrey walifanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938. Godfrey alifariki 1944, na Monica akaendelea peke yake, akatoa kitabu kimoja 1951, kingine juu ya mila za jamaa 1957, na kingine juu ya matambiko ya nchi nzima 1959. Navisifu vitabu hivi kwa jambo moja ambalo wahakiki wetu wangeliiga: mama yule hakubahatisha maana. Alipoona majani ya migomba yametandikwa kwenye nyumba ya msiba, wafiwa wakayalalia na baadaye yakatupwa nje, hakukaa mezani akabuni ishara. Aliwauliza wenyewe, na wenyewe wakafafanua jinsi marehemu anavyotengwa kwanza na miili ya walio hai, halafu anarudishwa salama penye moto wa nyumbani. Ufafanuzi ule ni uhakiki wa fasihi wa hali ya juu, na waliofanya uhakiki huo ni wakulima wa Selya.

Ila nalaumu pia. Vitabu vile viliandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wataalamu. Ndani yake mtu anakuwa mfano wa kanuni, na hata mzee kama Kasitile, kuhani wa mvua mwenye maneno yake na uchungu wake, anakatwa vipande ili kuthibitisha hoja. Unamsikia akizungumza, unatamani kujua alirudije nyumbani siku ile, lakini sura imefungwa. Hapo ndipo palipobaki nafasi ya mwandishi wa hadithi.

Nafasi hiyo inaweza kujazwa, na ushahidi ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza kuandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka mwaka 1945, kwa Kikerewe. Kitabu kikaja kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwaka uliofuata mwandishi akafariki. Ndani yake tambiko, dawa na miko vinatokea kwa sababu mume na mke wanataka mtoto. Hakuna anayesimama kutueleza mila. Mtu ana shida, anafuata njia ambayo watu wake waliijua, basi. Kile chungu chetu chenye kitambaa chekundu hakina mwenye shida, ndiyo maana hakitishi.

Wapo watakaosema, "We bwana, yote yamekwisha hayo. Wamisionari walifika Rungwe tangu 1891, machifu wakafutwa 1963, sasa unatuambia habari za moto wa vijiti?" Sawa. Lakini hilo nalo ni sehemu ya hadithi. Katika ukoo mmoja utakuta mwanakwaya wa Moravian na binamu yake anayeshika miko ya msitu, na siku ya msiba wote wawili wanakaa uwanja mmoja wakibishana nani afanye nini. Kila mmoja anaogopa kumkosea marehemu. Mwandishi anayemfanya mmoja mshamba na mwingine msaliti amekwishaharibu kabla hajafika ukurasa wa pili.

Na wengine watasema masimulizi ya wazee ni ya kubuni tu. Hao niwakumbushe kipunji. Wawindaji wa Mlima Rungwe walimtaja nyani huyo, lakini kwa kuwa masimulizi ya Wanyakyusa huchanganya wanyama wa kweli na wa kufikirika, watafiti hawakuwa na hakika naye mpaka walipomwona mwaka 2003. Mwaka 2005 akatangazwa kwa ulimwengu, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Sisemi kwamba kila hadithi ina nyani ndani yake. Nasema aliyesikiliza kwa makini ndiye aliyemwona.

Kwa hiyo ninawaomba wenzangu mambo matatu. Ukiandika kitu kitakatifu, ujue nani anakishika, anakishika kwa shida gani, na atapoteza nini kikipotea. Ukienda kuuliza, uliza kama mjukuu, kaa chini, pokea chai, na mzee akisema hapa mwisho, pawe mwisho hata kama hadithi inadai zaidi. Na ukirudi, andika kwa Kiswahili ambacho yule mzee akisomewa atakuelewa. Maana msomaji wa Dar akidanganywa atacheka, atafungua ukurasa mwingine. Watu wa Selya ndio watakaobaki na uongo wenye jina la kwao.