Boccaccio alivyojenga bustani katikati ya tauni

Kabla hajatuonyesha hata ua moja, Giovanni Boccaccio anatupitisha kwenye maiti. Decameron, kitabu chake cha hadithi 100, kinaanzia Florence, Italia, mwaka 1348, tauni ikiwa imepamba moto: watu wanaota uvimbe kinenani na makwapani, wazazi wanawatelekeza watoto, wafu wanarundikwa mashimoni. Ndipo wanawake saba na wanaume watatu, waliokutana katika kanisa la Santa Maria Novella, wanapoondoka kwenda shamba. Kwa mpangilio huo msomaji naye anafika bustanini akiwa na kiu nayo.

Uzuri wenyewe unakuja kwa hatua. Nyumba ya kwanza iko juu ya kilima, kama maili mbili tu kutoka mjini. Baadaye wanahamia kasri lenye bustani ya ukuta, yenye mizabibu, mawaridi, yasmini na michungwa, na katikati yake chemchemi ya marumaru. Kisha Elissa anawaongoza wanawake wenzake hadi bonde la duara, kana kwamba limechorwa kwa bikari, lenye ziwa dogo la maji maangavu. Kila mahali pana faragha kuliko palipotangulia.

Hata hivyo bustani ile ya kasri haielei hewani. Maji ya chemchemi yanapita kwenye mifereji, yanatoka nje na kuzungusha vinu viwili vinavyomletea mwenye shamba faida. Wageni nao wana sheria zao: kila siku ina malkia au mfalme wake, kila mtu ana zamu ya kusimulia, na Ijumaa na Jumamosi hadithi zinapumzishwa. Watumishi wameamriwa wasilete habari za nje ila zile za kufurahisha.

Mauti yaliyozuiwa mlangoni yanaingia kwa njia ya hadithi. Siku ya nne, katika bustani hiyohiyo, mada ni mapenzi yaliyoishia pabaya. Lisabetta wa Messina anakifukia kichwa cha mpenzi wake, aliyeuawa na kaka za msichana huyo, katika chungu cha mrehani, na kuumwagilia kwa machozi. Hapa naona ufundi mkubwa kuliko wote: mjini watu walikufa bila wa kuwalilia, lakini bustanini kifo kimoja kinasikilizwa mpaka mwisho.

Hadithi zikiisha, wote wanarudi Florence, na Boccaccio hatuambii kwamba tauni imekwisha. Kimbilio lao halikuwa makao ya kudumu. Liliwarudishia utaratibu, heshima na furaha, mambo ambayo tauni iliwapokonya watu hata kabla ya kuwapokonya uhai.