Kiu, Pumzi na Neema: Uhakiki wa Taamuli ya Kibudha Mbele ya Uraibu

Huenda msomaji akashangaa kuona kitabu cha mtawa wa Kibudha kikihakikiwa katika kurasa zinazosomwa na wachungaji wa Kilutheri. Kitabu chenyewe kilinifikia kwa mkono wa msharika. Kijana mmoja wa Mapinga, aliyekuwa ametoka kukaa miezi minne katika nyumba mojawapo ya upataji nafuu wilayani Bagamoyo, alinijia baada ya ibada akiwa nacho, jalada limebanduka, akaniuliza, “Baba Mchungaji, ni dhambi kukisoma?” Nilimwomba aniazime. Haya ni majibu yangu kwake, nami nayatoa hapa kwa kuwa ninyi nanyi mtaulizwa.

Kitabu ni “Mindfulness in Plain English” cha Henepola Gunaratana, mtawa aliyezaliwa Sri Lanka mwaka 1927. Kilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kinafundisha vipassana, yaani taamuli ya utambuzi. Mtu aketi, mgongo wima, aiangalie pumzi ipitapo puani. Wazo likija, alitambue kuwa ni wazo, kisha airudie pumzi. Maumivu ya goti yakimjia, asiyakimbie wala asipigane nayo, bali ayatazame yakikua, yakibadilika na kupungua. Lugha yake ni nyepesi na yenye ucheshi, sifa ambayo vitabu vyetu vya ibada vingefaa kuiga. Tena mwandishi anakanusha waziwazi dhana kwamba taamuli ni namna nyingine ya kulewa.

Wapo watakaosema kuwa mambo haya ni ya kigeni. Hekalu la Kibudha la Upanga, Dar es Salaam, lina asili yake kwa Wasinhala waliofika mwanzoni mwa karne ya 20, na huko Uganda mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, alianzisha kituo cha Kibudha mwaka 2005. Nasi Walutheri tulikuja kwa meli vilevile.

Kwa nini basi mraibu wa unga akivutwe na mafundisho haya? Jibu limo katika neno moja. Katika kweli ya pili kati ya zile nne, Buda alitaja chanzo cha mateso kuwa tanha, na maana ya asili ya neno hilo la Kipali ni kiu. Aliyewahi kukesha na kijana mwenye arosto hahitaji kufasiriwa zaidi. Kiu hiyo humwambia mtu kwamba haitaisha kamwe asipoizima sasa hivi. Mtu anayeketi na kuitazama hugundua kwamba hupanda, hufika kilele, kisha hushuka yenyewe. G. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, aliwafundisha waraibu kuipanda hamu yao kama mtu apandaye wimbi. Wavuvi wetu hawana haja ya kufundishwa hilo, kwani wimbi kubwa hulielekezea omo, wakalisubiri lipite chini ya chombo.

Ushahidi nao upo, japo si wa kushangiliwa kupita kiasi. Mwaka 2006 Marlatt na wenzake walichapisha matokeo ya wafungwa wa karibu na Seattle waliohudhuria kozi ya vipassana. Miezi mitatu baada ya kutoka walikuwa wakitumia pombe na dawa za kulevya kwa kiasi kidogo kuliko wenzao. Hao walijichagulia wenyewe kozi hiyo, kwa hiyo hatujui ni kozi iliyowasaidia au ni nia waliyoingia nayo. Utafiti wa mwaka 2014, wenye washiriki 286 waliogawanywa kwa bahati nasibu, ni imara zaidi. Baada ya mwaka mmoja, waliofundishwa taamuli walikuwa na siku chache za kutumia dawa kuliko wa makundi mengine mawili. Ila wote hao walikuwa wamekwisha kupita matibabu ya kwanza. Asitokee mchungaji wa kumwambia kijana aache methadoni, tiba iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, eti akahesabu pumzi.

Kuna kisa cha S. N. Goenka ambacho nakiona kuwa ufunguo wa jambo lote. Mfanyabiashara huyu wa ukoo wa Kihindi, mzaliwa wa Burma, aliteswa na kipandauso hadi akawa anadungwa mofini, akaogopa kwamba angekuwa mtumwa wa dawa hiyo. Mwaka 1955 alimwendea U Ba Khin, mwalimu wa vipassana aliyekuwa pia mhasibu mkuu wa serikali, akitaka aponywe kichwa. Mwalimu alimkatalia: njia hii haikuwekwa kwa ajili ya kuponya kichwa. Alimpokea tu alipokubali kuifuata kwa kusudi lake lenyewe. Naona heshima kubwa katika kukataa huko. Hata leo, katika kozi za siku kumi za mapokeo hayo, mwanafunzi hupokea kwanza amri tano, na ya tano ni kujiepusha na vileo. Lakini wengi wanaoeneza taamuli kama tiba wameitoa katika nyumba yake, wakabakiza pumzi pasipo amri. Hapo lawama yangu si juu ya Wabudha.

Wala hatuna haki ya kulaumu kabla ya kujitazama. Katika usharika niliokuwa nikiutumikia zamani tulimwombea kijana mmoja mbele ya madhabahu, tukatangaza kwamba amefunguliwa, tukampa kipaza sauti atoe ushuhuda. Siku kumi na tisa baadaye nilimzika. Hatukujua, au hatukutaka kujua, kwamba mwili uliokaa bila unga hupoteza ustahimilivu, hata kipimo kilekile cha zamani huweza kuua. Zaidi ya hayo, hapakuwa na mtu aliyemfundisha afanye nini kiu ikimrudia saa tatu usiku. Tulikuwa tumeshaimba haleluya, na baada ya haleluya angethubutuje kuja kusema kwamba bado anatamani?

Ndiyo maana siwezi kumwambia kijana wa Mapinga akitupe kitabu. Nilijaribu mwenyewe kuketi. Niliweza dakika kumi na moja, na nusu yake niliitumia kutunga hotuba.

Hata hivyo lipo shimo katika mafundisho haya. Mtazamaji makini, kwa Wabudha, hutambua kwamba hakuna “mimi” wa kudumu anayeimiliki hamu. Nakiri kwamba hili humfaa anayeamini kuwa jina lake la milele ni teja. Lakini kijana huyu aliiba cherehani ya mama yake. Ubudha hausemi kwamba tendo hilo limeyeyuka. Unafundisha kwamba tendo huzaa matunda yake. Ila tunda likishazaliwa, nani wa kuendewa na kuambiwa, “Nimekosa”? Msamaha ni neno litokalo kinywani mwa mwingine, wala halipatikani kwa kutazama ndani hata kwa miaka mingi. Katika mihadhara yake juu ya Waraka kwa Warumi, 1515 hadi 1516, Luther alimweleza mwenye dhambi kuwa mtu aliyejikunja ndani ya nafsi yake. Nauliza kama jicho linaloelekea ndani, hata likiwa pevu namna gani, laweza kumnyoosha.

Na Luther naye hakutuachia mbinu isiyoshindwa. Mwaka 1535 alimwandikia kinyozi wake, Peter, kijitabu cha kumfundisha kusali. Mwaka huohuo Peter alimchoma mkwewe kisu, akamwua. Wanafunzi wangu hucheka wakisikia, kisha hunyamaza. Lililobaki ni kwamba Luther alimwombea rafiki yake mbele ya watawala, naye akaokoka kifo, akapelekwa uhamishoni.

Nilimrudishia kijana kitabu nikamwambia si dhambi. Nilimwomba mambo mawili: aende kwa mama yake kuhusu cherehani, nami niwepo akitaka, na usiku kiu ikipanda, aketi kama alivyofundishwa, kisha anipigie simu. Cherehani hatujaifikia. Simu hupiga, mara nyingi kati ya saa tatu na saa nne, na huwa hatuzungumzi mengi. Nasikia pumzi yake, na pikipiki zikipita barabara ya Bagamoyo.