Panda Mara Moja: Uchambuzi wa Njia ya Baiskeli Kutoka Kiembe Samaki Hadi Kizimbani

Anayeishi Kiembe Samaki ni rahisi kuamini kwamba Unguja haina vilima. Uwanja wa ndege uko hapa, ardhi imelala, na barabara ya daladala za 505 kwenda mjini haikutoi jasho ukiacha ule mwinuko mdogo wa Kilimani. Hata ramani inaunga mkono imani hiyo: Masingini, sehemu ya juu kabisa ya kisiwa, haizidi sana mita 120 kutoka usawa wa bahari. Watu wa milimani Lushoto wakiisikia namba hiyo watacheka.

Lakini miguu haihesabu kilele. Miguu inahesabu jumla ya mipando. Magharibi ya Unguja kuna migongo ya ardhi iliyolala kaskazini kwenda kusini, sambamba na pwani, na kati yake kuna mabonde yenye vijito na mpunga. Anayeikata migongo hiyo kwa ubavu hupanda, akashuka, akapanda tena. Mipando minne ya mita 60 inakuwa mita 240, mara mbili ya kimo cha Masingini, na bado hajafika popote pa kujisifia. Ndiyo maana nasema safari ya baiskeli ya kwenda kwenye mabaki ya mashamba ya karafuu haipangwi kwa kilomita. Inapangwa kwa mwinuko kwanza, kisha upepo, kisha udongo. Kilomita huja mwisho.

Kwingineko duniani kazi hii imefanywa na mito. Maelfu ya wasafiri wa baiskeli huteremka kando ya Danube kutoka Passau hadi Vienna bila taabu, kwa kuwa mto mkubwa umeshachonga mteremko mdogo usiokatika. Unguja haina neema hiyo. Mwera, Zingwezingwe na Kipange ni mito mifupi inayozaliwa kwenye vilima vya magharibi, na baadhi ya vijito vinavyoelekea mashariki hupotelea ndani ya mawe ya matumbawe kabla ya kuiona bahari. Huwezi kuufuata mto wa namna hiyo siku nzima. Utauvuka tu, na kila kuvuka kuna gharama yake: umeshuka bondeni, sasa lipa kwa kupanda upande wa pili.

Basi nani wa kutuonyesha njia? Wapo waliotutangulia, nao waliacha alama.

Wa kwanza ni Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Katika enzi yake maji safi yaliletwa mjini kutoka chemchemi za Bububu, umbali wa kama kilomita 10, kwa nguvu ya mteremko peke yake. Mafundi wake walijua kwamba chemchemi iko juu kuliko mji, na kwamba chini ya vilima, upande wa bahari, kuna ukanda ambao maji yanaweza kusafiri bila kukutana na kilima cha kuyarudisha nyuma. Wa pili ni Wamarekani wa kampuni ya Arnold, Cheney, waliojenga reli ya Bububu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1905 treni ilikuwa ikitembea kutoka karibu na Ngome Kongwe, kupitia Malindi, hadi Bububu, kama kilomita 11. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza likikutana na mpando mkali, kwa hiyo wajenzi hawakuwa na hiari: walibaki chini, wakaukumbatia ufukwe. Huduma ya abiria ilikoma 1922, baada ya magari kuingia. Lakini ukanda ule haukuondoka. Leo unapita humo ukienda Maruhubi, Mtoni, Kibweni hadi Bububu, kwenye barabara ya daladala za 502.

Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya njia, na mwendesha baiskeli anapaswa kuitumia kama reli ilivyoitumia: kusonga kaskazini bila kupanda. Ukiwa njiani unapita magofu ya Maruhubi, jumba la Barghash lililoungua 1899, na ya Mtoni, jumba la Sultani Seyyid Said alimozaliwa bintiye Salme mwaka 1844. Simama, tazama, pumzika. Mguu bado haujadaiwa kitu.

Deni linaanza Bububu, unapoiacha barabara kuu na kukunja kulia kuelekea Kidichi.

Hapa hesabu inasaidia kuliko ushujaa. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 90, kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa. Bila kuhesabu upepo na msuguano wa tairi, mpando wa asilimia 2 unamtaka wati 60 hivi. Mpando wa asilimia 6 unamtaka wati 175. Mtu mzima mwenye afya, asiye mwanamichezo, anamudu kama wati 100 kwa muda mrefu. Kwa hiyo kwenye asilimia 6 ataenda polepole zaidi, kama kilomita 7 kwa saa, apende asipende.

Sasa itazame baiskeli yenyewe. Ile ya kawaida ya mjini, ndefu na nzito, isiyo na gia za kubadilisha, yenye meno 48 mbele na 20 nyuma, husonga zaidi ya mita 5 kwa kila mzunguko wa pedali. Kwenye kilomita 7 kwa saa pedali zake zinazunguka mara 22 tu kwa dakika. Hapo hakuna kuendesha tena, kuna kusukumana na goti. Mzee anayeshuka na kuisukuma baiskeli yake kilimani akiwa na gunia kwenye keria hakushindwa: anajua hesabu hii mwilini mwake. Baiskeli ya safari yenye meno 28 mbele na 34 nyuma husonga chini ya mita 2 kwa mzunguko mmoja, na mwendo uleule unampa mpandaji mizunguko zaidi ya 60 kwa dakika. Anapanda ameketi, anapumua, anazungumza na mwenzake. Kwa hiyo anayekodi baiskeli mjini asiangalie rangi wala ukubwa wa tairi kwanza. Ageuze gurudumu la nyuma, ahesabu meno ya gia kubwa kabisa. Ikiwa haizidi meno ya gia ndogo ya mbele, Kidichi itamnyanyasa.

Mpando wa Bububu hadi Kidichi ni mmoja, na faida yake kubwa ni huo umoja wake. Unalipa mara moja, kisha unabaki juu. Hamamu za Kidichi, alizojenga Seyyid Said karibu na mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Mwajemi, Shahrzad, hazikuwekwa juu pale kwa ajili ya mandhari pekee. Mashamba ya karafuu yalikuwa juu, kwenye udongo mzito, na wenye mashamba walikaa penye mali. Kizimbani, kilomita chache mbele, ilikuwa kati ya mashamba ya mwanzo kabisa ya karafuu kisiwani, chini ya Saleh bin Haramil al-Abri, kabla Seyyid Said hajamnyang'anya. Njia zilizounganisha mashamba hayo zilipenda kubaki mgongoni, kwa sababu kubeba karafuu na nazi ukivuka bonde baada ya bonde ni adhabu kwa mnyama na kwa mtu. Na waliozibeba, tusisahau, wengi walikuwa watumwa. Kila ninapoisifu njia ya mgongoni nakumbuka ni migongo ya nani iliyoifungua.

Kutoka Kizimbani waongozaji wengi huwarudisha wageni Bububu kwa njia ileile. Naona ni kupoteza mpando uliokwisha kulipiwa. Njia bora inaendelea mashariki kwa barabara ya Kiboje, kisha inashuka hadi Dunga, kwenye mabaki ya jumba la Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa kisiwa, na kurudi kupitia Koani, Mwera na Amani. Kwa anayetoka Kiembe Samaki mzunguko mzima ni kama kilomita 50. Upande wa Mwera mabonde yanarudi, na hapo ndipo mtu aliyetumia nguvu zake ovyo asubuhi hujuta.

Upepo ndio unaoamua uanzie wapi. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, anzia Bububu: upepo wa asubuhi bado mdogo, unaukabili miguu ikiwa bado na nguvu, na kutoka Kiboje kushuka Dunga unakusukuma. Kusi likivuma, katikati ya mwaka, geuza mzunguko. Anza na Mwera na Dunga ukilikabili mapema, likubebe kuelekea Kiboje na Kizimbani, kisha urudi kusini kwa barabara ya Bububu. Vilima vyenyewe vinakukinga pale, maana kusi linatoka upande wa pili wa kisiwa. Wavuvi wa pwani ya magharibi wanaijua kinga hiyo vizuri.

Udongo nao una sauti yake. Lami ikiisha, ukaingia njia za vijijini, utakutana na kinongo, ule udongo mwekundu mzito wa vilimani. Ukiwa mkavu ni sakafu. Masika ukilowa, hujibandika kwenye tairi, hujaza nafasi kati ya tairi na fremu, hunyonya breki. Baiskeli ya breki za fito, zinazobana rimu ya chuma, ikilowa hupoteza karibu nguvu yake yote, na mteremko wa Kidichi si mahali pa kuligundua hilo. Bana breki kidogo kidogo kuanzia juu ili rimu ikauke. Mabondeni kuna udongo wa mpunga, usijaribu hata kuuvuka baada ya mvua. Na ukielekea mashariki mno, kwenye maweni, jiwe la matumbawe litakukata tairi ubavuni, mahali ambapo kiraka hakishiki vizuri.

Kwa pancha za kawaida, huhitaji kubeba karakana. Karibu kila kijiji kikubwa kina fundi chini ya mwembe mwenye karai la maji. Anaizamisha tyubu kipande kwa kipande, anaifinya, anangoja mapovu. Akiyaona anaweka kidole hapo, anaikausha kwa kitambaa, anakwaruza kwa msasa, anapaka solusheni na kuiacha. Wageni huona anachelewa. Hachelewi: solusheni isipokauka kwanza, kiraka kitafunguka kwenye mteremko unaofuata. Tena angalia kama amepapasa ndani ya tairi kutafuta mwiba uliosababisha yote. Fundi asiyepapasa atakuona tena baada ya kilomita 2.

Kinachobaki kunikera ni kile kipande rahisi kuliko vyote, cha Mtoni hadi Bububu. Mwinuko hauna neno, upepo hauna neno, lakini pembeni hakuna nafasi: daladala inapakia, gari linapita, na mwenye baiskeli anaachiwa ukingo wa lami uliomeguka. Wanafunzi wa skuli na wauza mkate wanapita hapo kila siku, si watalii peke yao. Wanaosimamia barabara zetu watakapoigusa tena barabara ile, nawaomba waache ukanda wa mita moja na nusu kila upande kwa ajili ya baiskeli, na wauwekee kingo ili pikipiki na magari ya kuegesha yasiuteke.